Ramani ya nyumba Kisauni: je, ada ya wasanifu wa majengo yanayotumia umeme kidogo ina faida?

Muulizaji, Kisauni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Sisi ni ndugu watatu, na tumejaaliwa kupata kiwanja cha futi 50 kwa 100 huku Kisauni, ambacho upande wake mfupi wa magharibi umepakana na barabara. Tunakusudia kujenga nyumba ya ghorofa moja: chini akae mama, pamoja na chumba cha kushonea cha dada yetu ambacho wateja watakifikia kutoka barabarani, na juu tukae sisi wawili na familia zetu. Tayari tuna ramani tuliyouziwa, yenye sebule ya vioo vikubwa inayotazama barabara na slabu tambarare juu. Juma lililopita tulizungumza na ofisi ya wasanifu wanaojishughulisha na nyumba, mahali pa kazi na majengo ya jamii yanayotumia nishati kidogo. Ada waliyoitaja ni mara kadhaa ya bei ya ramani ile, na wamesema kwamba jengo letu linaweza kupata cheti cha EDGE, kinachotolewa kwa majengo yanayotumia nishati na maji kidogo.

Ninauliza kwa sababu ya hali tunayoishi sasa. Tumepanga ghorofa ya juu kabisa, chini ya slabu tupu. Saa nne za usiku nikisimama juu ya kitanda na kuigusa dari kwa kiganja, huihisi ina joto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Mwanangu huhamia sakafuni kwenye mkeka, kiyoyozi huwaka hadi alfajiri, na tokeni za mwezi mzima hazifiki nusu ya mwezi. Sitaki kumjengea mama yangu tanuri. Je, ada hiyo italeta tofauti, au ni afadhali fedha zile tununulie viyoyozi bora na paneli za sola?

Msanifu majengo, Nyali

Waaleikum salaam, ndugu. Ofisi uliyoitaja siijui, kwa hiyo sitaisemea, lakini kazi yenyewe ninaijua. Kiyoyozi huondoa joto ambalo jengo limekwisha kuliruhusu kuingia, na utalilipia joto hilo kila mwezi kwa muda wote nyumba itakaposimama. Ramani nzuri hulizuia mlangoni. Kiyoyozi cha chumba cha kulala kikifanya kazi kwa nguvu zake zote hukaribia wati 1,000, ilhali feni ya dari haifiki wati 80. Nyumba ambayo feni inatosha kwa miezi mingi ya mwaka ndiyo itakayokuwa na nafuu, na nyumba ya namna hiyo huamuliwa katika mchoro wa kwanza kabisa.

Tazameni kiwanja chenu kwa makini, kwa maana ni kizuri kuliko mnavyodhani. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huinama kidogo upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba, na nyakati zote mbili huwa juu sana, hivyo kulikinga ni rahisi: kwa dirisha la kaskazini, upenu uliojitokeza kama nusu mita kwa kila mita moja ya kimo mnachotaka kukitia kivuli unatosha hata mchana wa Juni, na kwa dirisha la kusini unatosha hata mfupi zaidi. Jua la asubuhi na la baada ya alasiri ni jambo jingine, kwa sababu huja likiwa chini na kupita chini ya upenu wowote. Kwa kuwa kiwanja chenu kimelala mashariki kwa magharibi, nyumba nyembamba inayofuata urefu wake itakuwa na kuta ndefu upande wa kaskazini na wa kusini, na kuta fupi tu ndizo zitakazopigwa na jua kali. Ramani mliyouziwa imeiweka sebule, tena ya vioo, kwenye ukuta ule ule uliopaswa kufungwa. Upande huo wekeni ngazi, bafu na stoo.

Chumba cha dada yenu lazima kitazame barabara, na hilo sina ugomvi nalo. Kipewe baraza pana, na mbele yake upandwe mwarobaini, mti unaokua upesi kwetu na ambao baada ya miaka michache utalizuia jua la saa kumi kuliko kifaa chochote cha dukani. Meza ya cherehani iwe kwenye dirisha la kaskazini, apate mwanga usiochoma wala kutia kivuli cha mkono kwenye mshono.

Paa ndilo linalopokea jua nyingi kuliko ukuta wowote, na joto mnalolihisi saa nne za usiku ni lile ambalo slabu ililihifadhi tangu mchana. Juu ya slabu wekeni paa jepesi la rangi nyeupe, lililoinuliwa ili upepo upite katikati. Paneli za sola zitapata mahali pake hapo, lakini zije baada ya mahitaji ya umeme kupunguzwa, la sivyo mtanunua nyingi kuliko zinazohitajika.

Kuhusu cheti: EDGE ni mpango wa IFC, taasisi iliyo katika Kundi la Benki ya Dunia, na hutaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Kina manufaa kwa mwenye ofisi za kukodisha au nyumba za kuuza. Kwa nyumba ya mama yenu ningeanza na maswali mawili kwa wasanifu hao: upepo utaingia wapi na kutokea wapi katika kila chumba, na jua la saa kumi jioni litafika wapi? Wakiweza kuwaonyesha majibu kwenye mchoro, wanaijua kazi. Hakikisheni pia kwamba msanifu wao amesajiliwa na BORAQS, bodi ya Kenya inayowasajili wasanifu majengo.

Fundi, Mtopanga

Niongeze yale ambayo mchoro hausemi, kwa kuwa nimeyaona mikononi mwangu. Madirisha ya kuteleza ambayo kila mtu anayataka siku hizi hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja hubaki kimejificha nyuma ya kingine. Umelipia dirisha la futi sita, umepata upepo wa futi tatu. Madirisha ya bawaba au ya luva hukupa karibu uwazi wote. Kisha huja wavu wa mbu, ambao hauepukiki huku kwetu lakini unaupunguza upepo sana, hasa ukijaa vumbi. Nashauri wavu uwe kwenye fremu inayotoka, ili uoshwe kila mara, na tundu la dirisha liwe kubwa zaidi tangu mwanzo.

Jambo la pili ni jirani. Msijenge hadi mpakani kwa pande zote mbili, kwa sababu jirani naye atajenga, na dirisha lenu la kusini litatazama ukuta wake. Na kwa paa hilo jepesi alilolisema msanifu, msinunue mabati membamba ya bei rahisi: hewa ya chumvi huyala kuanzia kwenye misumari.

Mkaazi wa Mji wa Kale

Mwanangu, nimefurahi kwamba unamwazia mama yako kabla ya kuuwazia urembo wa nyumba. Mimi nimezaliwa na kuzeeka katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wake. Siku hizi watu huja kuzipiga picha nyumba zetu, kisha huenda wakaweka mlango wa nakshi kwenye nyumba ya vioo na kudhani wamejenga Kiswahili. Ubaridi wetu wa mchana ulitokana na vichochoro vilivyotiliana kivuli, na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kilichovuta hewa. Pia nitasema kweli: kuta nene huhifadhi joto, na usiku wa Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijaanza, wazee wetu walipanda kulala juu ya paa. Basi vyumba vya kulala vya ghorofani vipeni kuta nyepesi na uwazi pande mbili.

Na jiko lisisahauliwe. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki na kusi hutoka kusini mashariki, kwa hiyo jiko likiwa upande wa magharibi wa nyumba, joto la nazi inayochemka litatoka nje mwaka mzima bila kupita chumbani kwa mama.

Mjumbe wa kamati ya madrasa, Likoni

Kwa wanaojenga majengo ya jamii, nami niseme kidogo. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la karibu wati 100, kwa hiyo ukumbi uliojaa watu ni jiko hata kama jua halijaingia. Sisi tulijenga kuta mbili za matofali ya matundu zinazotazamana, na tukaacha uwazi mrefu chini ya paa ili hewa moto itoke. Darasa la alasiri husomwa bila taa, na feni nne zinatosha.

Muulizaji, Kisauni

Nawashukuru nyote, na hasa wewe mama wa Mji wa Kale. Jana jioni tulikwenda kiwanjani na kamba na vigingi, tukapima nyumba ya upana wa futi 26 kufuata urefu wa kiwanja, tukabakiza nafasi kubwa upande wa kusini. Mama alikaa kwenye kiti pembe ya kusini mashariki kwa muda, akasema upepo anausikia shingoni na kwamba chumba chake kiwe hapo. Tumekubaliana kuilipa ofisi ile kwa hatua ya kwanza ya michoro tu, na tumewaandikia maswali yale mawili. Fundi, kabla hatujarudi kwao: luva za mbao na za alumini, zipi zinaivumilia chumvi zaidi?

Fundi, Mtopanga

Alumini iliyopakwa rangi kiwandani, yenye skrubu za chuma kisichoshika kutu. Mbao ya mvule nayo hudumu, ila mtaipaka mafuta kila mwaka bila kukosa.