Mabaka yanatoka usiku, asubuhi hayapo, juzi mdomo umevimba

boda_wa_tandika
Wakuu heshima kwenu. Huu ni mwezi wa 3 tangu ianze, ikifika saa 4 usiku naanza kuwashwa mapajani na pale mkanda wa suruali unapobana, nikijikuna yanavimba mabaka kama nimeng'atwa na siafu, asubuhi naamka ngozi safi kabisa. Zahanati dokta ananiangalia kama namdanganya. Nimeacha kamba, dagaa, mayai, waifu kabadili sabuni, dawa ya minyoo nimemeza mara mbili, wapi! Juzi mdomo wa juu ulivimba, abiria wa kwanza akaniuliza nimepigana na nani. Aleji ya nini hii?

tabibu_mzee
Mkuu hiyo kupotea ndo dalili yenyewe, baka la hivyo kwa kawaida halimalizi saa 24 sehemu moja. Likitoka lizungushie peni, piga picha, nenda na simu kwa dokta. Ikizidi wiki 6 ni sugu, na sugu mara nyingi haitokani na msosi, kinga yako yenyewe inachokoza seli za ngozi zinamwaga histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho na uvimbe. Dawa gani za maumivu unameza?

boda_wa_tandika
Diklofenaki, karibu kila siku, mgongo mkuu si unajua pikipiki. Na kuna sindano walinichoma, siku 3 safi halafu ikarudi kwa hasira

tabibu_mzee
Sindano itakuwa steroidi, dawa kali ya kutuliza kinga, usiizoee. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni zinakoleza hayo mabaka hata kama siyo chanzo, hamia parasetamolo. Muulize dokta kuhusu setirizini, dawa ya aleji, mg 10 kila siku, hata siku huwashwi. Ikigoma yeye anaweza kupandisha dozi mpaka mara 4 ya hiyo, usijipandishie. Piriton inalaza, na wewe uko barabarani.

mama_wawili
Bi mkubwa wangu alivimba mdomo na ulimi bila kuwashwa wala baka hata moja, tukampa setirizini haikufua dafu, kumbe enalaprili ya presha, na alikuwa kaimeza zaidi ya mwaka bila shida! Wakambadilishia. Kaka ulimi ukivimba au pumzi ikibana usije kuuliza humu, kimbia hospitali usiku huohuo, aleji kali ya hivyo inataka adrenalini.

boda_wa_tandika
Asanteni sana. Jana saa 4 na nusu nimechora peni pajani waifu anacheka mpaka basi. Sasa hivi saa 12 asubuhi duara lipo, baka halipo. Picha zote mbili ninazo.