Drili ya meza kuwa kifaa cha kutobolea kwenye leti: nianzie wapi?

Beringi_Kavu
Wakuu, salaam. Nina leti ndogo (mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka), na nina drili ya meza ya zile za bei chee ambayo mota yake imeungua. Kinachonichosha kwenye leti ni telistoki, kile kichwa cha nyuma kinachoshika biti. Skrubu yake inasogea mm 2 kwa mzunguko, kwa hiyo tundu la mm 40 ni mizunguko 20 kuingia na 20 kutoka, na kwa biti ya mm 2 lazima utoke kila mara kumwaga chenga za chuma. Halafu ule mpini hauna habari: biti imeshakwama ndani, mkononi unaona mambo shwari, mara tak! Nataka wenzo wa drili unipe ile hisia. Wazo langu ni kukata kichwa chote cha drili, nikilaze, nikifunge mahali pa telistoki. Kuna aliyefanya?

Chuma_Baridi
Utapambana na kimo cha senta (kulingana kwa urefu na katikati ya mzunguko wa leti) mpaka uchoke. Mimi ningetafuta telistoki ya wenzo, basi.

Mzee_wa_Chenga
Beringi, wazo ni zuri ila usibebe kichwa kizima. Kwenye mzoga huo nyama ni tatu tu: lile bomba linaloteremka na spindeli (mhimili unaozungusha biti), reki ya meno iliyo mgongoni mwake, na kishafti cha pinieni (gia ndogo inayosukuma reki) na mikono yake. Mengine chuma chakavu.

Sababu ni ulegevu. Shusha bomba mpaka mwisho, lishike puani ulitikise. Kwenye drili za bei chee utalisikia linagonga. Likilazwa, uzito wa chaki (kile kishikio cha biti) unalivuta chini na biti inaanza nje ya senta. Hilo halitibiki kwa kukaza bolti. Linataka nyumba mpya.

Kabla hujafungua chochote, pima umbali kati ya katikati ya bomba na katikati ya kishafti cha pinieni. Andika. Ukikosea hapo meno yatabana au yatarukana.

Nyumba: tafuta pande nene la chuma au alumini, toa kompaundi (slaidi ndogo ya juu inayobeba kisu), lifunge kwa bolti juu ya krosi slaidi, ile inayokwenda mbele na nyuma kukatiza leti. Litoboe kwanza tundu la kupitisha fito. Weka fito lenye kisu kati ya senta mbili (zile ncha za kushikilia kazi), lizunguke, na pande lisogezwe na keriji (gari linalobeba krosi slaidi kwa urefu wa leti) huku krosi slaidi imefungwa. Sasa leti inajichongea yenyewe: kimo cha senta kinatoka sawa na tundu linakuwa sambamba na mwendo wa keriji, hata kama mashine yako ni kuukuu. Acha tundu lizidi bomba kwa unywele, maana huwezi kulijaribisha fito likiwa ndani. Kisha pasua ukuta mmoja wa nyumba kwa msumeno, weka bolti ya kubania, ukaze mpaka bomba liteleze kwa mafuta bila kucheza.

Beringi_Kavu
Shukrani mzee. Na spindeli je? Beringi zikibaki, biti si itazunguka na kazi? Na ile springi ya kurudisha?

Mzee_wa_Chenga
Itazunguka, ndiyo. Wengine hufunga yale meno marefu ya juu ya spindeli, lakini yana mchezo. Toa spindeli na beringi zote, chonga mhimili mzima ukae pale pale beringi zilipokuwa, puani uweke tepa (mchongoko wa kuchomekea) ya chaki yako. Halafu angalia ile skrubu yenye ncha inayotembea kwenye mfereji wa bomba. Nguvu yote ya kuzungusha inaishia hapo. Ya kiwandani mara nyingi ni nyembamba na ina nafasi. Weka nene inayojaza mfereji, la sivyo biti ikitokeza upande wa pili itashtuka na kukatika.

Springi imekunjwa ndani ya kikopo pembeni. Ukifungua bila kukishika kikopo itajikunjua kwenye vidole vyako, kwa hiyo legeza kidogo kidogo. Mimi siirudishi. Ukisukuma dhidi ya springi, ile hisia unayoitafuta inafunikwa.

Hesi_Kushoto
Hapo napingana na mzee. Ilegeze nusu uiache. Ukiachia wenzo bomba linarudi lenyewe, na mkono wa pili unabaki na brashi ya mafuta. Kwa biti ndogo hiyo ni raha. Zaidi ya mm 10 rudi telistoki, usitese meno ya reki.

Chuma_Baridi
Haya, nimeanza kushawishika. Akishachonga hilo tundu, si anaweza kuhamishia nyumba kwenye kitanda cha leti, pale pa telistoki?

Mzee_wa_Chenga
Asihamishe. Kwenye leti nyingi telistoki ina njia zake na keriji ina zake, na hazichakai sawa, kwa hiyo usawa wote aliouchonga unapotea. Ibaki juu ya krosi slaidi. Funga saa ya kupimia (geji ya mshale) kwenye chaki ya leti, zungusha kwa mkono ncha yake ikigusa ndani ya tundu, sogeza krosi slaidi mpaka usomaji wa mbele na wa nyuma ulingane. Hapo hapo toboa tundu la pini kupita slaidi na keriji. Siku nyingine ni kuchomeka pini na kuanza kazi.