Yule wa aproni nyeupe katuaibisha tena: eti “tumsamehe mpishi, amejitolea”!!!

Jasho la Jikoni (mleta uzi)

Wakuu, naandika vidole vinanuka kitunguu na siagi, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Sijaoga. Sijalala. Aproni bado iko shingoni. Nikisubiri hasira ishuke sitaandika tena, na leo lazima niandike.

Jina simtaji, hana haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kukanyaga shughuli ya mapishi ya hisani anamjua: yule mwenye aproni nyeupe pee, ambayo haijawahi kuona doa la nyanya tangu itoke kiwandani. Yule anayefika sahani zinapangwa, halafu anauliza “tumefikia wapi?” TUMEFIKIA! Wewe na nani?

Sasa sikilizeni. Branchi ya hisani ya Jumapili, yaani kile chakula kinachounganisha cha asubuhi na cha mchana, watu wamenunua tiketi, hela inaenda kwenye jiko la kuwalisha wasio na kitu. Jambo jema, sina ugomvi nalo. Sisi wa jikoni tumekesha. Viazi nimemenya mpaka nikaanza kuviita kwa majina. Vitunguu tumekata mpaka wapita njia wakawa wanalia bila kujua wamefiwa na nani. Nimesimamia supu, nimesimamia mkate, na juu ya hayo nikatwishwa yale mayai ya kuvunjia kwenye maji ya moto pamoja na sosi ya holandezi, ya ukumbi mzima. Anayeijua holandezi anajua nilikuwa nimekalia nini. Ni viini vya mayai, siagi na ndimu, vimeshikana kwa kuoneana aibu tu. Moto ukizidi inakatika. Ikipoa inaganda. Sosi hii inataka mlaji akae mkao wa kula, basi. Haitaki hotuba.

Na yeye akatoa hotuba.

Mayai tayari, sosi inang'aa, wahudumu wamejipanga na sahani mikononi, mtu akashika maiki. Akawashukuru wafadhili. Akawashukuru waliowazaa wafadhili. Akasimulia utoto wake wote, na nadhani na wa jirani yake. Akaeleza kwamba yeye ni “mtu wa jikoni”. Watoto walioingia wamebebwa mgongoni walikaribia kuota ndevu. Mimi huko nyuma nakoroga, natia maji ya uvuguvugu, naibembeleza sosi, naiahidi vitu ambavyo hata familia yangu sijawahi kuiahidi.

Akamaliza, akaingia jikoni na mpiga picha. Akachukua mwiko WANGU, akasimama kwenye sufuria YANGU. Jiko limezimwa, wakuu! Mtu anakoroga supu kwenye jiko lililozimwa, anajifuta jasho ambalo halijatoka, picha zinapigwa. Hilo nikalimeza.

Halafu akachota sosi kwa kijiko. Akaonja. Akakunja uso. Maiki bado iko mkononi, IKO MKONONI NA HAIJAZIMWA. Akaugeukia ukumbi akasema:

“Tumsamehe mpishi, amejitolea.”

Ukumbi mzima ukacheka.

Tumsamehe mpishi! Amejitolea! Na kile kijiko, kijiko kilekile kilichotoka mdomoni mwake, AKAKIRUDISHA KWENYE SOSI.

Mimi nisamehewe nini? Nilimwibia nani? Sosi ilikatika ikiwa inakusikiliza WEWE! Viini vya mayai viligeuka mawe vikisubiri umalize darasa la tatu! Kuna mama mmoja wa meza ya mbele akaniangalia kwa huruma, akaninyanyulia dole gumba. Mama, asante sana, lakini pale ndipo nilipokufa rasmi.

Na haikuishia hapo. Kijana kamwaga chai, mwenzake anamwambia “tumsamehe, amejitolea”. Mtoto kaangusha mkate, mama yake “tumsamehe huyu, amejitolea”. Mlinzi wa getini, ambaye hata ndani hakuingia, natoka ananipungia mkono: “Umesamehewa, bosi.” Umeshakuwa msemo huo. Nitazikwa nao.

Sitaki ushauri. Sitaki mtu aniambie “mkuu, mradi hela imepatikana”. Nataka jibu la swali moja tu: kijiko kilirudije kwenye sosi?

---

Sahani ya Pili

Pole mkuu. Nilikuwepo, meza ya nyuma. Simtetei mtu, lakini chumvi nayo siku ile ilijitolea, haikufika.

Jasho la Jikoni

Wewe si ndiye uliyekuwa unapanga foleni upya kila ukimaliza?

Sahani ya Pili

Nilikuwa nawachangia wasio na kitu.

Mzee wa Mwiko

Aproni nyeupe namjua vizuri sana. Kwetu alikuja akapiga picha na karoti. Karoti moja. Hakuimenya. Akairudisha kwenye gunia na kuaga.

Kiini Kibichi

Tuliangalie kitaalamu. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Holandezi haina wanga, ni mafuta na viini, kwa hiyo kile kijiko hakikuipunguzia uzito wowote. Kingerudi kwenye supu iliyotiwa unga, tena imeshapoa, hapo tungeongea mengine.

Mzee wa Mwiko

Kwa hiyo tumpe cheti?

Kiini Kibichi

Sijasema hivyo. Na mleta uzi, kwa faida ya siku nyingine: ikikatika chukua kiini kipya, kijiko cha maji ya uvuguvugu, piga mpaka kilainike, kisha irudishie ile iliyokatika kidogo kidogo huku unapiga. Inashikana tena.

Jasho la Jikoni

NIMESEMA SITAKI USHAURI. Na viini vipya ningevitoa wapi, nitage?

Chembe ya Chumvi

Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Ila mkuu, na wewe, holandezi kwa umati? Ungekaanga mayai ukaenda zako kulala. Sosi ya watu wawili unawapikia watu mia, halafu unamlaumu mwenye maiki.

Shemeji wa Branchi

Ninyi mnalia na kijiko, njooni nyumbani kwangu wikendi. Nina shemeji hali mpaka apige picha. Anapanda juu ya kiti. Anahamisha meza aitafute nuru. Anamwambia mtoto “toa mkono wako, unaharibu”. Pankeki zimepoa, siagi imeganda juu yake, ndipo anaketi, anatafuna kipande kimoja, ananigeukia: “Zimepoa hizi, hebu zipashe.” HEBU ZIPASHE! Afadhali wewe umesamehewa na ukumbi mzima.

Chembe ya Chumvi

Shemeji huyo ana dada? Mfumo huo wa maisha naupenda.

Anayeanzia Mwishoni

Mimi kero yangu ni zile branchi za kula mpaka ushindwe. Angalieni meza inavyopangwa: mkate mwanzo, viazi vinafuata, matunda, majani, majani mengine, halafu nyama na samaki kule mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea. Hiyo ni hesabu, msidhani ni urembo. Wanataka sahani ijae kabla hujafika kwenye kilichokutoa nyumbani. Na sahani zenyewe kama visosi. Mimi naanzia mwishoni narudi nyuma. Foleni inanitukana, nami naitazama usoni huku nachota.

Mtu wa Joto

Na vile vyombo vya kupashia wanavyovijaza maji halafu mshumaa chini umezima! Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzijoto 60. Kikishuka hapo mpaka kwenye 5, vijidudu ndiyo vinafanya branchi yao. Chakula kinakaa pale kwa muda wa saa mbili, kimevuguka tu, na mtu anachota anashukuru. Juzi nimegusa chombo cha mayai ya kuvuruga, nikadhani nimegusa ukuta.

Mkoba Mpana

Tena mngeacha kuwasema wanaofunga mabaki. Mabaki yakitupwa nani anafaidika?

Mtu wa Joto

Hakuna aliyekusema. Lakini kwa kuwa umejileta: wali uliokaa mezani tangu asubuhi usiupeleke nyumbani ukadhani kuupasha kunausafisha. Kuna bakteria mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa na uvuguvugu zinaamka, na sumu yao haiishi kwa kupasha moto.

Mkoba Mpana

Nilibeba keki.

Kabati la Kumbukumbu

Mnashangaa ya aproni nyeupe, mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1847, wakati wa njaa kuu ya Ireland, Alexis Soyer, Mfaransa aliyekuwa mpishi maarufu wa Reform Club, klabu ya wakubwa kule London, alifungua jiko la supu Dublin. Siku ya ufunguzi matajiri walialikwa, wakatoa shilingi tano kila mmoja, waingie WAWATAZAME maskini wakinywa supu. Hela ilikwenda kwenye hisani, ndiyo, lakini hebu piga picha: unalamba bakuli, pembeni kuna mtu kavaa kofia ndefu amekukodolea macho. Na vijiko vya wale maskini vilikuwa vimefungwa minyororo.

Mzee wa Mwiko

Minyororo! Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Kijiko kingekuwa na mnyororo mfupi kisingeifikia ile sosi.

Jasho la Jikoni

Asante Mzee, angalau wewe umekumbuka mada. Kijiko, jamani. Alikitoa mdomoni, akasema yale maneno, akakirudisha. Mbele ya watu. Akicheka.

Sahani ya Pili

Ila huyo Soyer tumtendee haki, alikuwa anapika kweli. Baadaye akabuni jiko la kupikia jeshini wakati wa vita vya Crimea, Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, na jeshi la Uingereza liliendelea kulitumia mpaka karne ya 20. Aproni nyeupe atatuachia nini? Picha ya karoti.

Kabati la Kumbukumbu

Nyongeza, nikiwa bado kwenye kabati: mwaka 1895 Mwingereza mmoja, Guy Beringer, aliandika makala akiitetea branchi, hoja yake ikiwa kwamba aliyejirusha Jumamosi usiku aachwe alale Jumapili asubuhi. Sasa mleta uzi amekesha jikoni ili waliokesha baa wapate kulala. Halafu wao ndio wamemsamehe.

Chembe ya Chumvi

Kabati umemmaliza kabisa. Mwacheni apumue.

Lundo la Vyombo

Mimi nasoma tu mnavyolia hapa. Mpishi ametajwa kwenye maiki, amechekewa, amepewa dole gumba na mama wa meza ya mbele, kaja na uzi juu. Sisi wa kuosha vyombo hata kusamehewa hatujawahi! Kiini cha yai kilichokauka kwenye sahani, sosi iliyoganda, sufuria iliyoungua chini ambayo mpishi wako mpendwa anaisukuma kwenye sinki kimya kimya na kusema “iloweke tu”. ILOWEKE TU! Nimeloweka sufuria za watu mpaka sina alama za vidole. Siku ile nilifunga jiko la mwisho. Aproni nyeupe alishaondoka, na wewe Jasho la Jikoni ulishaondoka pia.

Jasho la Jikoni

Ndugu yangu, nilikuwa nimeaibishwa!

Lundo la Vyombo

Na sufuria ilikuwa imeungua.

Mzee wa Mwiko

Aisee. Lundo anzisha uzi wako, nakuja na kiti.

Shemeji wa Branchi

Nauliza swali la dhati, maana Jumapili wanakuja tena na yule shemeji. Haya mayai ya kuvunjia majini mnafanyaje? Yangu yanasambaa, sufuria inajaa mawingu.

Kiini Kibichi

Tumia mayai yasiyokaa sana, ute wake bado mzito. Likishakaa, ute unalegea na ndiyo huo unaosambaa. Vunja yai kwenye kichujio kwanza, ule ute mwepesi udondoke, kilichobaki ndicho kitie kwenye maji. Maji yasichemke kwa fujo, yafukute tu.

Anayeanzia Mwishoni

Na siki. Tia siki, ute unashikana haraka.

Kiini Kibichi

Siki inaacha ladha. Ukichuja huihitaji.

Anayeanzia Mwishoni

Maisha yangu yote natia siki.

Mtu wa Joto

Ndiyo maana unaanzia mwishoni.

Sahani ya Pili

Wenye hoteli wanayapika mapema, wanayatumbukiza kwenye maji ya baridi na kuyaweka kwenye friji. Wageni wakifika wanayarudisha kwenye maji ya moto dakika moja tu. Hotuba iwe ndefu kiasi gani, yai halijali.

Shemeji wa Branchi

Hapo sasa! Shemeji apige picha mpaka jioni. Kwa hiyo siki nitie au nisitie?

Jasho la Jikoni

Jamani KIJIKO. Hakuna hata mmoja aliyenijibu. Alikirudishaje?

Anayeanzia Mwishoni

Mkuu, usitutoe nje ya mada. Shemeji, tia siki.