Mjadala: Ottawa walikosea kuishika zamu yao ya 4 mwaka 2018?

Mwanzisha mada (Ottawa)

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo katika mji huu ninaoishi haijapata kuisha. Nimeisikia kwenye basi, kwa kinyozi, hata msibani.

Kwa wasiofuatilia: ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, NHL, haina kushuka daraja. Timu inayoburuza mkia inabaki palepale, na kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Aliyefanya vibaya huchagua mapema, ila zamu za juu kabisa hupangwa kwa bahati nasibu ili watu wasijifungishe makusudi. Zamu hiyo ni mali. Unaweza kuitoa kabla hujajua itakuwa ya ngapi, ukapewa mchezaji leo. Ukiwa mwoga unaiwekea kinga, yaani unamwambia mwenzako: zamu ni yako, lakini ikiangukia ndani ya kumi za mwanzo nina haki ya kuishika na kukupa ya mwaka unaofuata.

Ndicho walichofanya Ottawa Senators. Mei 2017 walikuwa bao moja tu kutoka fainali. Pittsburgh waliwatoa katika mechi ya 7, muda wa nyongeza wa pili, bao la Chris Kunitz. Viongozi wakaamini pengo ni la mtu mmoja. Tarehe 5 Novemba 2017 wakamleta Matt Duchene kutoka Colorado kwa mabadilishano ya timu tatu. Kyle Turris akaenda Nashville, na Colorado wakaahidiwa, pamoja na mambo mengine, zamu ya kwanza ya Ottawa ya 2018 yenye kinga ya kumi bora.

Kisha msimu ukaporomoka. Pointi 67, nafasi ya 30 kati ya timu 31. Bahati nasibu ikawapa zamu ya 4. Meneja mkuu Pierre Dorion akabaki na chaguo: alipe deni pale pale kwa zamu ya 4, au aishike na kuwapa Colorado zamu ya 2019, safari hii bila kinga ya aina yoyote.

Aliishika. Tarehe 22 Juni 2018, mjini Dallas, akamchagua Brady Tkachuk. Mwaka uliofuata Ottawa wakamaliza wa mwisho kabisa kwa pointi 64, na zamu ile ikaenda Colorado.

Msimamo wangu: kuishika kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la Novemba 2017, pale walipokubali mwaka wa pili uende uchi. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Nairobi

Ndugu yangu, heshima zako, lakini hapo sikufuati. Mimi ni Colorado. Nilianza kuupenda mchezo huu mwaka 2018, vijana wetu wa Ice Lions, hawa wanaofanyia mazoezi kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, walipopelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. MacKinnon ni wa Colorado, na tangu siku ile mimi pia ni wa Colorado. Kwa hiyo jueni upande ninaosimama.

Dawa ya deni ni kulipa, na hulipwa likiwa bado linajulikana ukubwa wake. Zamu ya 4 ina bei unayoiona kwa macho. Zamu ya 2019 ilikuwa gizani, na giza lenyewe lilikuwa linatisha. Angalia hali ya Juni 2018. Mike Hoffman, mmoja wa wafungaji wenu wakubwa, aliondoshwa tarehe 19, siku tatu tu kabla ya uteuzi. Mikataba ya Erik Karlsson na Duchene ilikuwa inaisha 2019. Mark Stone hakuwa na mkataba wa muda mrefu. Mtu anayeona nguzo tatu za nyumba yake zinayumba hawezi kumwambia mdai, "Njoo mwakani, utapata chochote kitakachobaki." Mdai anajua mwakani kitabaki kiwanja kitupu, na kiwanja ndicho anachokitaka!

Tena 2019 kulikuwa na Jack Hughes, kijana aliyetazamiwa kuchaguliwa wa kwanza. Kila mtu alijua anakuja.

Mwanzisha mada

Kaka wa Nairobi, umeongea, na hilo la nguzo kuyumba silikatai. Hata mimi Juni ile niliamini mwaka unaofuata utakuwa mgumu.

Lakini tuhesabu. Kwa sheria za wakati ule bahati nasibu ilichezeshwa mara tatu, kwa zamu tatu za juu. Timu ya mwisho kabisa ilikuwa na asilimia 18.5 ya kupata zamu ya kwanza. Isipotoka kwenye mojawapo ya zile tatu, ilishuka mpaka ya 4, haishuki zaidi. Na uwezekano wa kushuka hadi ya 4 ulikuwa karibu nusu. Maana yake, hata ukijua kwa hakika kwamba utakuwa wa mwisho mwaka 2019, jambo ambalo hakuna aliyelijua, kitu kilichokuwa na uwezekano mkubwa kuliko kingine chochote ni kwamba ungempa Colorado zamu ya 4. Ukishika ya 4 leo, unatoa ya 4 kesho. Ndivyo ilivyokuwa. Aprili 2019 New Jersey waliruka juu, na Juni wakampata huyo Hughes, New York Rangers wakamchukua Kaapo Kakko, Chicago wakamchukua Kirby Dach, na zamu iliyokuwa ya Ottawa ikaangukia namba 4. Colorado wakamchagua beki Bowen Byram.

Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Tkachuk alikuwa mkononi. Maskauti walishamtazama, walishazungumza naye, walimjua. Alicheza msimu uliofuata moja kwa moja akafunga mabao 22.

Mchangiaji wa Dodoma

Samahani wakuu, naingilia kama mgeni. Mimi wa soka. Hiki mnachokijadili kinaniumiza kichwa: timu inafungwa mwaka mzima, halafu inazawadiwa, halafu ina kinga juu ya zawadi. Huku kwetu ukiburuza mkia unashuka daraja, basi. Huyo aliyemtoa mchezaji wake kwa nia njema, Colorado, haki yake iko wapi?

Mwanzisha mada

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haki yake iko kwenye bei, mkuu. Colorado waliijua kinga siku ya kusaini. Kwa kuikubali walipata kitu kikubwa kuliko kinga yenyewe: mwaka wa pili ulio wazi kabisa. Kinga haifuti deni, inalisogeza.

Na anayedhani zamu isiyo na kinga ni kitu kidogo awaulize San Jose. Septemba 2018 walimchukua Karlsson kutoka kwetu, na sehemu ya malipo ikawa zamu yao ya kwanza ya 2020, bila kinga. Walikuwa timu kubwa, nani angewaza? Mwaka 2020 zamu ile ikawa ya 3, na Ottawa wakamchagua Tim Stützle. Sisi wenyewe tumekula tunda hilo.

Mchangiaji mwingine wa Ottawa

Kaka, hesabu zako nimezielewa, ila wewe na mimi tuliishi mji mmoja majira yale ya baridi ya 2018 na 2019, na nashangaa huyataji. Nilikuwa naenda Kanata, uliko uwanja wa timu, na mwanangu wa miaka tisa, mwendo mrefu, theluji, tiketi ya watu wawili na maegesho. Shabiki wa timu mbovu ana faraja moja tu: kila tukifungwa, zamu yetu inapanda. Mwaka ule faraja hiyo tulinyimwa. Kila tulipofungwa tulikuwa tunawatunza Colorado. Mwanangu aliniuliza, "Mama, sasa tukifungwa anafurahi nani?" Sikuwa na jibu.

Kisha ikaja ile wiki ya Februari. Duchene akapelekwa Columbus, Ryan Dzingel naye Columbus, Stone akapelekwa Vegas. Duchene, ambaye kwa ajili yake tuliitoa zamu, alikaa nasi miezi 15 tu. Mimi sisemi Tkachuk ni mbaya. Nampenda. Nasema wangelipa 2018, angalau mwaka ule wa mateso ungekuwa wetu.

Mwanzisha mada

Dada, umenigusa mahali penyewe. Sikuyataja kwa sababu yananiuma. Nilikuwepo wiki ile ya Februari. Niliiona jezi ya Stone imetundikwa kwenye uzio wa jirani yangu, akiiaga.

Lakini turudi kwenye hali ya mji ule Juni. Desemba 2017 mwenye timu, Eugene Melnyk, alikuwa amedokeza hadharani kwamba timu yaweza kuhama. Machi 2018 mashabiki walichanga pesa zao wakaweka mabango barabarani ya kumtaka aondoke. Watu waliacha kununua tiketi. Sasa fikiria timu hiyo, baada ya msimu huo, inasimama Dallas na kumkabidhi mtu mwingine kijana ambaye ndiye kitu pekee ilichopata kutokana na mwaka mzima wa kufungwa. Nani angerudi uwanjani Oktoba? Mateso ya mwaka uliofuata yasingekuwa yetu tu, yangekuwa ya viti vitupu.

Mwanao aliuliza swali sahihi, na jibu lake linarudi Novemba 2017. Sentensi moja tu ilikosekana kwenye mkataba: ya 2019 nayo iwe na kinga, hata kama ni ya tatu bora tu. Pengine Colorado wangekataa. Basi hapo ndipo pa kusimama na kusema hatununui.

Mchangiaji wa Montreal

Wakuu, mnaizungumzia 2018 kana kwamba imepita. Swali hilohilo limewakuta New York Rangers juzijuzi, nao wakajibu kinyume na Ottawa. Januari 2025 walimchukua J.T. Miller kutoka Vancouver kwa zamu yao ya kwanza yenye kinga ya 13 bora, na Vancouver wakaipeleka Pittsburgh siku hiyohiyo. Rangers wakakosa mtoano, zamu ikatua namba 12. Wangeweza kuishika na kutoa ya 2026 bila kinga. Hawakuishika. Walilipa. Mwanzisha mada, kwa kanuni yako hawa walikosea?

Mwanzisha mada

Hapana, na nashukuru kwa mfano huu kwa sababu unanilazimisha kusema kwa usahihi. Sikusema kila mwenye kinga aitumie. Zamu ya 12 na zamu ya 4 si mizani moja. Katika nne za mwanzo unatarajia nguzo ya timu; katika ya 12 unatarajia mchezaji mzuri, ukimpata. Mtu mwenye namba 12 mkononi na mwaka wa giza mbele yake alipe, aondoke.

La pili ni sheria. Tangu 2021 bahati nasibu huchezeshwa mara mbili tu, na timu ya mwisho haiwezi kushuka chini ya zamu ya 3. Tena kuanzia 2022 timu haiwezi kuruka zaidi ya nafasi kumi, kwa hiyo timu ya mwisho ina asilimia 25.5 ya kupata ya kwanza. Ile nusu niliyoihesabu juu, ya kushuka hadi namba 4, leo haipo. Kuahirisha deni leo ni ghali kuliko ilivyokuwa kwa Dorion. Angekuwa anaamua chini ya sheria hizi, na nguzo zile zinayumba kama alivyosema kaka wa Nairobi, nami ningesita.

Na si Rangers tu. Ottawa wenyewe walisimamishwa tena njia panda. Novemba 2023 ligi iliwaadhibu kwa namna Evgenii Dadonov alivyopelekwa Vegas: wapoteze zamu moja ya kwanza, wachague wenyewe kati ya 2024, 2025 na 2026, na walipewa saa 24 baada ya bahati nasibu kutoa uamuzi. Mwaka 2024 walikuwa na namba 7. Wakaishika, wakamchagua Carter Yakemchuk. Mwaka 2025 wakaishika tena. Utawala mwingine, mwenye timu mwingine, na bado jibu ni lilelile: tushike cha leo.

Mchangiaji wa Nairobi

Hapo kwenye sheria za sasa umenipa nusu ya hoja yangu, nami naipokea. Lakini usiruke kombe. Byram wenu huyo, maana alikuwa wenu, alibeba Kombe la Stanley, taji la ligi hii, na sisi 2022. Miaka hiyo Tkachuk alikuwa bado hajaiona mechi ya mtoano. Ottawa walikaa misimu saba mfululizo nje.

Mwanzisha mada

Siliruki. Alilibeba, na alistahili. Ila alilibeba akiwa na MacKinnon, Cale Makar, Mikko Rantanen na Gabriel Landeskog. Mpe Ottawa ya 2019 kijana huyohuyo, uniambie nani angemkinga. Machi 2024 Colorado walimpeleka Buffalo kwa Casey Mittelstadt. Tkachuk tangu Novemba 2021 ni nahodha wetu.

Mchangiaji mwingine wa Ottawa

Nilirudi Kanata Aprili 2025, mechi ya kwanza ya mtoano nyumbani tangu 2017. Toronto walitutoa katika mechi ya 6, hilo mnalijua. Mwanangu sasa ni kijana, anaendesha gari yeye, mimi nakaa pembeni. Tkachuk alipotoka na ile herufi ya unahodha kifuani, ukumbi wote ulisimama, na yeye akasimama kabla yangu.

Bado nasema wangelipa 2018. Lakini sikukaa.