Makaburi ya Makaburu: kaunti iyafyekee au iyaachie magugu?

Mjukuu wa Nyapara

Wenzangu, naleta mjadala huu nikijua kuna watakaonirukia. Mwezi wa Aprili alifika kwetu Uasin Gishu, upande wa Sergoit, mama mmoja mzee kutoka Pretoria akiwa na mjukuu wake. Mkononi alikuwa na kitabu cha ukoo wao, kimepigwa chapa nyumbani na kutiwa jalada la plastiki. Alikuwa akitafuta kaburi la mtoto, dada ya babake, aliyefariki akiwa na miezi saba. Mama yangu ndiye aliyempeleka. Liko nyuma ya zizi: mawe manne, maandishi yamefutika, mbuzi wetu wamelala juu. Yule mzee akalia. Mama naye akalia, mpaka leo hajaniambia kwa nini, kisha akaenda kupika chai.

Mjukuu wake alikuwa na tafsiri ya Kiingereza, nikaisoma usiku ule kwenye simu. Safari ya 1908 imeelezwa hatua kwa hatua: Makaburu walivyotoka Transvaal, Afrika Kusini, miaka michache baada ya vita vyao na Waingereza, kama watu 250 wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Meli ya Kijerumani, Windhuk, ikawaleta Mombasa, treni ikawafikisha Nakuru. Kutoka hapo ni magari ya kukokotwa na ng'ombe, matope mpaka kwenye ekseli, wakaingia Uasin Gishu mwezi wa Oktoba. Majina ya farasi yamo. La mbwa limo. Babu yangu, aliyewasimamia vibarua wa shamba lile miaka mingi, yumo kwenye picha ameshika hatamu. Chini wameandika "nyapara wetu", kwa Kiswahili chenyewe. Basi.

Swali ni hili: je, kaunti zitumie pesa za umma kutunza makaburi, nyumba na historia za familia za walowezi wa kwanza? Mimi nasema ndiyo, kwa sharti moja. Anayetaka kaburi la kwao lifyekewe alete na madaftari ya shamba: la mishahara, la posho, la ng'ombe wa maskwota, yaani vibarua walioishi na kufuga kwenye shamba la mlowezi. Mengine bado yamo masandukuni huko walikohamia, na ndani yake mna majina ya babu zetu.

Binti wa Plateau

Kaka, umenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Zahanati yetu haina glavu, wewe unatafuta pesa za kuwafyekea Makaburu?

Halafu hivyo vitabu vya koo nimeviona viwili vitatu. Vyote huanza na wimbo ule ule: tulikuta nchi tupu. Tupu namna gani? Jina lenyewe Uasin Gishu ni la Wamaasai waliokaa hapa mpaka Wamaasai wenzao walipowasambaratisha karne ya 19. Mashimo ya Wasirikwa, watu wa kale wa hapa, bado tunajikwaa ndani yake tukichunga. Wanandi nao walilisha hapa. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akapigwa risasi na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani, watu wake wakasukumiwa rizavu, na baada ya miaka mitatu magari ya Van Rensburg yakatokeza. Utamfukuza mtu nyumbani kwake, kisha uandike kwamba ulikuta mlango wazi?

Na lile la "alilima kwa jasho lake"! Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa walowezi ardhi kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 1915 ikafika 999. Jasho gani hilo la miaka 999?

Dereva wa Lori

Waingereza waliwahi kuwapendekezea Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao, uwanda huu huu mwaka 1903. Wakatuma watu waje waitazame, 1905 wakaikataa. Leo tungekuwa tunabishania makaburi mengine kabisa.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, kutunza si kusifu. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilibanwa na kesi ya wazee wa Mau Mau, ikakiri kwamba inazo faili za makoloni ilizozificha Hanslope Park, huko Uingereza, za Kenya zikiwemo. Ziliandikwa na maofisa wa serikali ile ile iliyowatesa wazee, na ndizo zilizoipa kesi nguvu. Juni 2013 wakakubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama zikiwemo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Na hizo ni zile zilizosalimika, maana nyingi zilichomwa kabla ya bendera kushushwa.

Karatasi za familia naziona vivyo hivyo, tena pengine ni bora. Ofisa wa wilaya alimwandikia mkubwa wake, akapima maneno. Mama mwenye shamba alimwandikia dada yake. Kifagio cha miaka ya 1920, maskwota waliponyang'anywa malisho na mifugo yao kuondolewa mashambani, sisi tunakijua kwa waliofagiliwa. Nataka kukisoma pia kwa mkono wa aliyeshika ufagio.

Halafu kuna kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi ya mkoloni. Kuanzia 1919 na 1920 mwanamume alikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma: namba, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Mwenye shamba makini aliinakili ile namba. Mtu ambaye jina lake liliandikwa ovyo unaweza kumpata kwa namba.

Binti wa Plateau

Mwalimu, kwa heshima yako, hoja ya faili naikubali. Lakini faili zile hazikuletwa kwa hiari, ni kesi iliyozitoa. Huyu wa Pretoria nani atamshtaki? Atatuletea picha za farasi, na daftari atasema liliungua.

Nyanya yangu ana miaka 91. Alikama ng'ombe wa Kaburu tangu hajaota matiti. Anajua nani alizikwa wapi. Watoto wa maskwota walizikwa pembeni mwa mahindi, bila hata jiwe, na trekta limepita juu yao kila msimu tangu hapo. Kama kaunti ina senti za historia, ianze na kinasa sauti mbele ya nyanya. Fyekeo litangoja, nyanya hangoji.

Dereva wa Lori

Mimi napita tu. Hoey's Bridge imekuwa Moi's Bridge, sawa. Lakini Eldoret wazee wanaiita Sisibo mpaka leo, yaani shamba namba 64. Namba ya shamba tunayo mdomoni, majina ya walioling'oa visiki hatuna.

Mjukuu wa Nyapara

Dada, kwa nyanya umenishinda. Kinasa sauti kitangulie, fyekeo lifuate.

Ila sharti langu usilicheke. Yule kijana wa Pretoria nilimwomba, na juzi amenitumia picha kumi na moja: daftari la posho la 1937. Karatasi imeliwa na mende pembeni. Mstari wa sita kuna jina, namba ya kipande, unga ratili mbili. Jina limeandikwa kama aliyeliandika alikuwa na haraka ya kwenda chooni, lakini ni la babu. Mna mengine ishirini na matatu, na mama amewatambua wanne tu.

Nyanya bado anasikia vizuri? Jumamosi naweza kufika Plateau kabla ya saa nne, nimsomee moja moja.