Re: Mkataba wa kodi na Marekani, umeshasainiwa?

Wapendwa habari zenu, nina nyumba ya kupangisha Tabata, TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania) nawalipa na huku Marekani nalipa. Juzi kwenye harusi nimeambiwa nchi yetu imeshasaini mkataba wa kodi na Marekani kwa hiyo nyumba hiyo nisiiandike tena kwenye fomu ya kodi ya huku. Ni kweli jamani? 15 Aprili, mwisho wa kupeleka fomu, hiyooo inakuja.
Dada wa Houston

---

Dada yangu, nakuomba sana iandike. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, Kenya nayo haina. Na hata ungekuwepo, mkazi wa huku bado anataja mapato yake yote ya dunia nzima.

Halafu hili neno "umesainiwa" linatuponza sana. Hapa rais akisaini ndo safari inaanza, mkataba unapelekwa Seneti, unakaa Kamati ya Mambo ya Nje, wakiutoa hapo unapigiwa kura na lazima upate theluthi mbili ya maseneta waliopo siku hiyo. Baraza la Wawakilishi, lile la pili la Bunge la hapa, halihusiki. Na Seneti ikikubali bado yenyewe haijaridhia, imempa rais ruhusa tu, yeye ndo anasaini hati ya kuridhia na kubadilishana na nchi ya pili. Kwetu Bunge ndo linaridhia, ndo maana tunachanganya.

Angalia Chile. Walisaini mkataba wao wa kodi Februari 2010, Seneti imekuja kuupitisha Juni 2023, kura 95 kwa 2, tena maseneta wakaongeza masharti yao ikabidi Chile nao waridhie upya, ukaanza kazi Desemba 2023. Miaka kumi na tatu!

Mimi nilijifunza haya 2012 kwa uchungu, mwanangu anatumia kiti cha magurudumu na nilikuwa nafuatilia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Obama alishausaini tangu 2009. Siku ya kura mzee Bob Dole, aliyewahi kuongoza Republican humohumo Seneti, miaka 89, ndo kwanza ametoka hospitali, mkewe akamsukuma kwenye kiti mpaka ndani ya ukumbi, maseneta wakaja kumshika mkono mmoja mmoja. Kisha wakapiga kura, 61 wakakubali, 38 wakakataa, na kwa hesabu hiyo zilitakiwa 66. Ukaanguka. Nililia sebuleni kwangu.

Sasa dada, kinachokusaidia wewe ni sheria ya humuhumu ndani wala hakingoji mkataba, ni fomu 1116, unapunguziwa kodi ya huku kwa ile uliyolipa TRA kwenye pango la nyumba yako. Risiti zote tunza.

---

Shukrani kaka. Na Soshali Sekyuriti, pensheni ya huku? Mume wangu ana miaka 8 tu ya kazi huku, na NSSF, mfuko wa pensheni wa nyumbani, alichangia.

---

Hiyo njia nyingine dada. Makubaliano ya Soshali Sekyuriti hayasubiri theluthi mbili, rais anayapeleka kwenye mabaraza yote mawili, siku 60 za vikao zikipita bila kukataliwa yanaanza. Ila hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyonayo, kwa hiyo miaka ya NSSF haiunganishwi na ya huku. Shemeji akazane miaka miwili afikishe pointi 40, yaani miaka kumi ya kazi inayotakiwa ili apate pensheni ya huku, kabla hamjarudi nyumbani.