Ushauri wenu wakuu: nikipiga treni ya mvuke usiku, injini inageuka shimo jeusi

Kiberenge
Wakuu, salaam. Wiki mbili zilizopita nilihudhuria usiku wa wapiga picha kwenye reli moja ya kihistoria. Injini ya mvuke imewashwa, imesimama stesheni, mnaizunguka na kamera kwa saa tatu. Nimerudi na picha 200 na ushee. Zinazotazamika ni nne, na hizo nne nazionea huruma tu.

Injini ni nyeusi na usiku ni mweusi. Nikiiachia kamera ijiamulie, kila kitu kinakuwa kijivu, taa za stesheni zinaungua na mvuke unakuwa shuka jeupe. Nikipunguza mwanga, mvuke unapendeza lakini injini inayeyuka, zinabaki taa mbili na dohani inayoelea hewani. Nikajaribu flashi juu ya kamera: ikamulika ukungu uliokuwa mbele ya pua yangu, basi.

Nina lenzi ya 24-70 f/2.8 (namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), tripodi nyepesi, flashi moja na tochi. Mwezi ujao kuna usiku mwingine, na safari hiyo treni itatembea pia. Nianzie wapi?

LenziMbili
Pole mkuu. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ngapi, shata (muda inaokaa wazi) ngapi? Bila namba tutakupigia ramli.

Kiberenge
ISO 3200, f/2.8, 1/15. Tripodi ilibaki kwenye begi, nilidhani mikono inatosha. Msinicheke.

LenziMbili
Tunacheka kidogo tu. Sasa fanya hesabu. Kutoka ISO 3200 hadi 200 ni hatua nne, kila hatua ikipunguza mwanga kwa nusu. Kutoka f/2.8 hadi f/8 ni hatua tatu. Jumla saba, yaani mara 128. Chukua 1/15 zidisha mara 128, unapata kama sekunde 8 na nusu. Mwanga ni uleule, lakini picha haina chenga, na fokasi inashika kuanzia bafa hadi behewa la makaa. Halafu sekunde 8 ni muda wa kutosha kuzunguka na tochi, jambo ambalo kwa 1/15 huliwezi.

Fokasi zima otomatiki. Mulika kibao cha namba ya injini kwa tochi, kuza kwenye skrini, fokasi kwa mkono, usiguse tena. Zima kitulizi cha lenzi ukiwa kwenye tripodi, tumia taima ya sekunde 2, piga RAW (faili ghafi la kamera). Na usiuamini uangavu wa skrini gizani, kila picha inaonekana nzuri. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga.

Fundi_Boila
Vijana mmezama kwenye kamera, ngoja niwaambie habari za injini yenyewe.

Mvuke wenyewe hauonekani. Tazama valvu ya usalama inapofyatuka, pale mdomoni pana nafasi tupu kabla ya wingu kuanza. Unachopiga picha ni matone, mvuke uliokwisha kukutana na hewa baridi. Kwa hiyo usiku wa baridi unakupa wingu zito. Usiku wa joto na mkavu unakupa kiduchu, na hapo usiilaumu lenzi.

Pili, ongeeni na dereva. Akifungua koki za silinda (vali za kutolea maji kwenye silinda), mvuke unatoka chini, mbele ya magurudumu, unapendeza sana. Lakini kwa sekunde 10 utatanda na kufunika magurudumu yote, ubaki na picha ya ukungu wenye dohani. Mwombe afungue kidogo na kufunga, mwishoni mwa muda shata iko wazi. Mlango wa tanuru nao ukifunguliwa, mwanga wa moto unajaza kibanda na kupaka tumbo la wingu rangi ya chungwa. Ila usimng'ang'anize auache wazi. Hewa baridi ikiingia mle inapoza ghafla bamba linaloshika mirija ya boila, na mirija ikianza kuvuja wewe umeshaenda kulala. Kazi inabaki kwetu.

Na mtu asiwaombe moshi mweusi! Moshi mweusi ni moto unaokosa hewa, na kwenye anga la usiku hata hauonekani.

Mama_Tripodi
Asante mzee, hilo la koki nimelinakili.

Kiberenge, kosa lako kubwa ni mahali mwanga ulipotoka. Rangi nyeusi ya injini inang'aa kama kioo, kwa hiyo humuliki weusi, unatafuta mng'ao kwenye kingo. Mwanga ukitoka karibu na kamera hauleti kitu. Upeleke pembeni kabisa, chini, usawa wa magurudumu, na vyuma vyenye mafuta vitajichora vyenyewe. Mvuke umulike kutoka nyuma, taa ikiwa imejificha nyuma ya injini.

Ukiipaka injini mwanga kwa tochi shata ikiwa wazi, vaa nguo nyeusi, usisimame, na usiielekeze kwenye lenzi hata mara moja. Anzia kwenye magurudumu kwa sababu yanameza mwanga, boila mpitishie haraka. Tochi za LED nyingi zina mwanga wa baridi na taa za stesheni mara nyingi ni za njano. Funika tochi kwa plastiki ya chungwa nyepesi, la sivyo injini itaonekana imetoka kwenye friji. Na mkiwa wengi, akubalike mmoja wa kutangaza "fungua" na "funga" shata, wengine tochi zenu mfukoni.

Usiku_Mwema
Kuhusu treni inayotembea: kwa 20 km/h inakwenda mita 5 na nusu kila sekunde. Kwa 1/60 inasogea sentimita 9, kwa 1/250 kama 2. Lakini kutoka 1/15 yako hadi 1/250 unapoteza hatua nne, na kuzifidia ISO 3200 yako itapanda hadi 51200. Sikushauri. Ipige jua likishazama na anga bado ni la buluu, au acha shata wazi sekunde 20 taa zichore mstari na mvuke uwe mto.

Ama ufuate njia ya O. Winston Link, Mmarekani aliyepiga picha treni za kampuni ya reli ya Norfolk and Western kuanzia 1955 hadi 1960, nyingi usiku. Alitega balbu za flashi kando ya reli, akaziunga kwa nyaya, zikalipuka zote kwa pamoja treni inapopita. Akikosea hakuna kurudia.

LenziMbili
Flashi kwa treni inayotembea mimi sikubaliani. Dereva akipofuka kwa sekunde mbili je?

Usiku_Mwema
Link alifanya kwa ushirikiano wa kampuni ya reli yenyewe. Mimi pia nasema: bila ruhusa na bila dereva kujua, hapana. Na flashi moja ya Kiberenge haifiki mbali. Tuseme nguvu yake ni 40 kwa ISO 100 (namba hiyo ukiigawa kwa f unapata umbali): kwa f/8 inafika mita 5. Ukipandisha hadi ISO 800, mita 14.

Kiberenge
Nikipiga moja kwa ajili ya taa na nyingine kwa ajili ya injini, kisha nikaziunganisha, si udanganyifu?

Mama_Tripodi
Ile picha ya Link ya 1956, watu wako kwenye magari wanatazama sinema na treni inapita nyuma? Flashi zilifuta kabisa picha ya skrini. Eropleni unayoiona kwenye skrini aliipachika baadaye kutoka negativu nyingine. Unganisha, ila ukiulizwa sema.

Kiberenge
Nimerudi wakuu! Picha 61, nzuri 9. Tripodi imefanya kazi, tochi pembeni imefanya kazi, magurudumu nayaona mpaka nati. Treni ikitembea nimepata moja tu, ya anga la buluu. Moja imeniuma: mlango wa tanuru wazi, rangi ya ajabu, dereva katulia kama sanamu, lakini mpiga makaa katokea na vichwa viwili.

Fundi_Boila
Huyo mwenye vichwa viwili ndiye aliyekuwa kazini.